Siku Nyasi za Mpepai Zilipopanda Cheo

Kamati ya Kuinua Nyasi, baada ya kukaa siku nne na kumaliza kreti saba za soda, ilitangaza rasmi kwamba katika kata ya Mpepai hakuna nyasi tena. Kilichopo ni selulosi. Na kwa kuwa soko huria limekwisha kufika, na mwekezaji yuko Mbinga mjini anasubiri, ni marufuku kwa mwananchi kufukia, kuchoma, kulalia au kulishia mbuzi selulosi ya taifa.

Tangazo lilimkuta Hildegardi shambani, jembe mkononi. Nyasi zake zilikuwa zimefyekwa, zimekauka, zimelazwa miraba miraba juu ya mteremko kama Wamatengo walivyofanya tangu mababu. Kazi iliyobaki ni kuzifukia kwa udongo, kila mraba ubaki na shimo lake katikati. Hiyo ndiyo ngolo, na juu ya matuta yake hupandwa maharage. Mvua zilikuwa zinaaga. Wiki ile ikipita hujafukia, maharage huna, na kwa Hildegardi kulikuwa na wajukuu sita wasiojua selulosi ni nini.

Mwenyekiti wa Kamati, Bwana Pankras, alikuja na lori, faili za Kamati, kiti chake cha mbao, mgambo mmoja aitwaye Othmar, na mtaalamu wa chuo, Dokta Dorothy. Kijiji kizima kikaja kutazama.

"Shikamoo, mama," alisema Dokta Dorothy.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nieleze, nyasi zangu zina ugonjwa gani?"

"Hazina ugonjwa, mama. Zinaweza kutibu." Akaeleza taratibu. Selulosi ni ule uzi unaousimamisha mmea. Ukiupika kiwandani kwa dawa kali, hubadilika tabia, hunywa maji na kuwa ute. Ute huo hufunika kidonda, hunyonya majimaji yake, na ukitiwa dawa huitoa kidogo kidogo.

Hildegardi alipenda kweli. "Na kiwanda kiko wapi?"

"Kiko kwenye mchakato!" alidakia Pankras. "Lori tunalo."

"Na hiyo selulosi, mwanangu, iko kwenye nyasi tu?"

"Hapana, mama. Mbao, karatasi. Pamba, karibu yote ni selulosi tupu."

"Bwana Mwenyekiti, umesikia?"

"Nimesikia! Selulosi ni selulosi! Amri haina mjomba wala shangazi." Watu wakapiga makofi, naye utamu ukamkolea. "Hata ingekuwa ya kwangu mwenyewe!"

Othmar alikuwa mgambo mtiifu kupita kiasi. Akabeba faili za Kamati, na ile amri yenye muhuri, akapakia. Akapakia kiti cha Mwenyekiti. Kisha akarudi, akasimama wima.

"Shati, mzee."

"Una wazimu, Othmar?"

"Ni pamba, mzee."

"Mfano! Kiongozi wa mfano!" kijiji kikapaza sauti. Mwenyekiti, ambaye hakuwahi kupewa makofi mengi namna ile, akavua. Suruali nayo, mtumba safi wa Songea, ikaonekana ni pamba. Dokta Dorothy aliipima tai kwa vidole, akathibitisha ni nailoni. Hiyo akaachiwa.

Dereva alikuwa ameagizwa mzigo wa kwanza umfikie mwekezaji kabla ya saa sita. Akaondoka na vyote.

Bwana Pankras, akiwa na tai, alijibanza nyuma ya mbuni wa kahawa. "Mama Hildegardi, nakuomba. Khanga moja tu."

"Ningekupa, baba. Lakini ni pamba hii. Naogopa kuvunja sheria. Labda uniandikie kibali."

"Nitaandikia nini? Karatasi zote zimekwenda!"

"Ndiyo hapo, baba."

Upepo wa mlimani ukapita. Mbuni ule ulikuwa umepogolewa vizuri mno.

"Basi nafuta amri!"

"Sema kwa nguvu, baba. Wa ng'ambo ya mto wana mbuzi."

"Nimefuta! Fukieni! Lisheni! Lalieni!"

Othmar aliuliza kama kufuta huko kuna muhuri. Kijiji kikamwambia anyamaze, na yeye, kama kawaida yake, akatii. Hildegardi akafungua khanga ya juu, akaipitisha kati ya majani ya kahawa bila kutazama. Mwenyekiti akatoka amejifunga kifuani, tai ikiwa imenyooka, akasimama mbele ya wananchi, akakohoa ili ahutubie.

Hildegardi alikuwa amekwisha kuinua jembe.

"Sogea kidogo, baba," alisema. "Umekanyaga nyasi zangu."