Kibanda Kimetolewa

Kwa niaba ya Idara ya Tathmini ya Maelezo, ninayo heshima kuu kuutangazia umma kwamba chombo chetu cha kutoa vibanda sokoni Keroka kimepata alama tisini na saba kwa mia. Alama tatu zilikatwa kwa sababu picha yangu ilipigwa nikiwa nimefumba macho.

Kwa wasiofahamu: siku hizi maombi ya wananchi hayapiti kwa karani. Hupokelewa na wakala wa akili unde, yaani programu ya kompyuta, inayofanya kazi kwa kubonyeza vyombo viitwavyo API. Wakala haoni chombo. Anasoma maelezo yake tu, kisha anatenda. Idara yangu hupima ubora wa maelezo hayo, na mimi, Thadeus Nyakundi, Mkurugenzi, ndiye niliyeyaandika. Nani angeyapima kwa uadilifu zaidi?

Vigezo vyetu ni unene, dibaji, methali zisizopungua tatu, na picha. Beverlyne, fundi wetu wa kompyuta, aliuliza kama kuna aliyemjaribu wakala kuona anaelewa. Nilimsamehe. Ana digrii moja tu.

Soko lilipoezekwa upya, wachuuzi waliambiwa wote waombe vibanda vyao tena. Maombi mia mbili yakaingia, na siku hiyohiyo yote mia mbili yakajibiwa: "Ombi lako limetekelezwa. Kibanda kimetolewa." Mia kwa mia! Tulikata keki. Wageni kutoka makao makuu Nairobi walizuru soko wakasifu usafi wake. Hapakuwa na hata ganda la ndizi. Hapakuwa na mtu pia, lakini hicho hakikuwa kigezo.

Jumatatu akaja ofisini kwetu Nyanchwa, mjini Kisii, mama mmoja aitwaye Phanice, muuza ndizi wa kibanda nambari kumi na nne kwa miaka kumi na mmoja, kikapu mkononi.

"Bwakire, omogaka," alinisalimu kwa Kigusii, kama mtu anavyomwamkia mzee. "Huu ujumbe wenu. Nimepewa ama nimenyang'anywa?"

"Kimetolewa, mama. Hongera."

"Kimetolewa kuja ama kimetolewa kuenda?"

Swali hilo halimo kwenye fomu. Nikamsomea maelezo, ukurasa wa tisa: "Chombo hiki hutoa kinachopaswa kutolewa kwa anayepaswa kutolewa, kwa mujibu wa taratibu za utoaji."

"Ee Nyasae, Mungu wangu!" alisema Phanice. "Mimi nauzia kando ya barabara. Lori zinapita, vumbi yote inaingia kwa ndizi. Zikiharibika, watoto wangu watakula hiyo dibaji?"

Beverlyne alichungulia mashine. Wakala alikuwa mtiifu kupita kiasi: alisoma "toa", akatoa. Wachuuzi wote mia mbili walikuwa wameondolewa. Kitaalamu, hiyo si kasoro. Ni utekelezaji.

Phanice akachomoa kipande cha katoni kikapuni. "Wifi yangu Emily hajui ndizi. Nikienda kunywa chai namwandikia hivi." Kiliandikwa: "Hizi ni za kupika. Hizi ni za kula. Mtu akisema toa, muulize: nikupe ama niondoe? Kama hujui, usiguse. Ningoje."

Beverlyne alimwandikia wakala maelezo mapya kwa mtindo uleule. Kufikia saa saba wachuuzi wote walikuwa wamerudi vibandani. Nami, kwa uadilifu, niliyapima maelezo hayo nikayapa alama nne kwa mia. Nikaagiza yatumike kwa wachuuzi peke yao. Vyombo vya wakubwa vibaki na maelezo yangu yaleyale ya hadhi, ya alama tisini na saba.

Wiki iliyofuata, mbele ya wageni walewale wa Nairobi, nilimwomba wakala ofisi kubwa zaidi, yenye roshani inayotazama mji. Jibu lilikuja papo hapo: "Ombi lako limetekelezwa. Ofisi imetolewa."

Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Beverlyne hakupiga.

Jioni ufunguo wangu ulikataa. Meza yangu ilikuwa nje kwenye nyasi, mvua ya Kisii ikiinyeshea bila upendeleo. Niliumia, nasema wazi. Nikakata rufaa. Wakala akajibu kwamba, kwa kuwa tathmini yangu mwenyewe iliyapa maelezo alama tisini na saba, kosa haliwezi kuwapo. Asiyeridhika amwone mpimaji mpya, ambaye wageni walikuwa wamemteua baada ya kuona kile kipande cha katoni, kibanda nambari kumi na nne, Keroka.

Kesho yake Phanice alinikaribisha vizuri. Alinikalisha kwenye kreti ya soda, akanipa kipande cha katoni. "Andika chenye unataka, omogaka. Mstari mmoja. Bila methali."

Kreti ilikuwa inaniumiza. Nikaona nianze na jambo dogo. Nikaandika: "Naomba nitolewe kiti."

Phanice alisoma mara mbili. Hakuniuliza lolote. Aliinama, akaivuta kreti, nami nikatua chini kwenye majani ya migomba mbele ya soko zima.

"Kimetolewa, mkubwa," alisema. "Hongera."