Mada Namba Kumi na Saba: Jirani Anayekoroma

"Basi kama si kukoroma, ni nini?" fundi cherehani aliuliza, rula ya mbao mkononi. "Mimi nakunja pindo la sketi, ukuta unatetemeka, sindano inahama njia. Sketi mbili zimeharibika wiki hii, jirani. Na mwenye ile ya pili ni mke wa polisi."

Mratibu alikuwa amesimama kwenye kibaraza chao cha pamoja, singlendi juu, taulo kiunoni, alama ya mto bado iko shavuni. Ilikuwa saa tano asubuhi, Jumanne, siku ya kazi.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini, "tuweke kumbukumbu sawa. Mtumishi wa umma wa ngazi yangu hakoromi. Anapumua kwa uwajibikaji."

"Basi kapumulie ofisini, baba."

Hapo fundi alikosea, na si kosa lake, maana muundo wa utumishi hausomwi kwenye kitambaa. Kazi ya Mratibu haikuwa ya ofisini. Mwaka uliopita ilitangazwa redioni, kwa tarumbeta na hotuba ya dakika arobaini, kwamba kuanzia siku hiyo kila mwanafunzi atajichagulia mwenyewe jambo la kuchunguza darasani, apende asipende. Ndipo ikaundwa Ofisi ya Uchaguzi Huru wa Mada, na yeye akawa Mratibu wake. Alitakiwa kuzunguka mashuleni kuhakikisha watoto wako huru, na kukusanya kwa kila mtoto Fomu ya Tamko la Kutolazimishwa Kuwa Huru, nakala tatu.

Shule ni nyingi, jua ni kali, na viatu vya Mratibu vilikuwa vinabana. Kwa hiyo alibuni mbinu aliyoiita ukaguzi wa kutafakari. Mkewe akishatoka kwenda zamu hospitali, yeye alijilaza, akafumba macho, akaiwaza shule moja moja mpaka akaiona. Jioni aliandika ripoti. Matokeo yalikuwa mazuri kuliko ya njia ya zamani: shule saba kwa wiki, na hata moja haikuwa na paa linalovuja.

Sasa Alhamisi alikuwa anakuja Mkurugenzi mwenyewe kutoka makao makuu, kuona darasa moja la mfano. Akiridhika, Mratibu anapanda kuwa Mkuu wa Kanda: chumba ghorofa ya tatu, kiti kinachozunguka, na katibu wa kuwaambia watu kwamba hayupo. Miaka kumi na moja alikuwa anakimezea mate kiti hicho. Darasa la mfano alilichagua kwa vigezo vya kitaalamu: lilikuwa katika shule iliyo mwisho wa mtaa wake, hatua mia mbili toka kitandani.

Alasiri hiyohiyo akavaa suti, akaenda kulikagua kwa macho yaliyo wazi.

Mwalimu wa darasa la sita, mtu wa maneno machache mwenye chaki nyuma ya sikio, alimpokea na kumwonyesha karatasi zilizobandikwa ukutani. Mtoto mmoja alikuwa amefuata njia ya sisimizi toka dirishani hadi kwenye mtoto wa meza ya mwalimu. Mwingine alichunguza kwa nini watu wazima huuliza "umelala?" huku wanaona umeamka. Mratibu akatikisa kichwa kwa ridhaa, akasogea, akafika karatasi ya kumi na saba.

Kukoroma kwa Jirani: Saa, Sauti na Madhara kwa Ushonaji.

Chini yake kulikuwa na jedwali la siku za kazi ishirini, limepigwa mistari kwa rula. Saa nne na robo, ameanza. Saa saba kasoro dakika kumi, mama amefunua sufuria, jirani ameamka. Sauti ilipimwa kwa bilauri ya maji iliyowekwa mezani ikigusa ukuta: imetulia, imetikisika, imemwagika. Kumwagika kulikuwa mara kumi na moja. Mchunguzi alikuwa binti wa fundi, yule msichana ambaye mtaa mzima ulimwita Daftari, kwa sababu ukipita tu ameshaandika; darasa lake lilisoma zamu ya mchana, asubuhi alikuwa nyumbani.

Mratibu akahisi kola inambana kuliko viatu.

"Mwalimu, hii mada inahitaji kuoanishwa na vipaumbele vya taifa. Kwa mfano, uoto."

"Wa uoto tunao watatu, Mheshimiwa." Mwalimu akafungua kabati, akatoa waraka. "Halafu kuna huu wako. Kifungu cha nne. 'Mtu mzima yeyote asiiguse mada ya mtoto, asiisogeze, asiibadilishe, wala asiitazame kwa jicho la kutaka kuibadilisha.'" Akamwangalia. "Samahani, lakini jicho ulilonalo sasa hivi ndilo hilo waraka unalolikataza."

Jioni Mratibu alirudi nyumbani, akamfuata fundi mlangoni kwa heshima ambayo fundi hakuwa amewahi kuiona.

"Mama, habari za kazi. Huyu binti yetu..."

"Leo amekuwa wetu?"

"Ana kipaji. Ningependa umshauri kidogo tu, achague kitu kinachomfaa."

"Mimi? Mtu mzima?" Fundi akashika kifua. "Jirani, wewe mwenyewe umekataza. Unataka nifungwe, mtu na mtoto wangu?"

Daftari, aliyekuwa anakata nyuzi chini ya meza, akatoa kichwa. "Shikamoo. Mimi mwenyewe naweza kubadili, ila kuna Fomu ya Kubadili Nia. Inachukua siku ishirini na moja za kazi, ili Mratibu ahakikishe nia imebadilika kweli. Umeiandika wewe, kifungu cha tisa."

Mratibu alikumbuka kifungu cha tisa. Alikuwa amejivunia sana kifungu cha tisa.

Jumatano hakulala kabisa, akafikiri. Kufikia jioni alikuwa ameona mwanga: karatasi nzima haikuwa na jina lake. Jirani tu. Na dunia ina majirani wangapi? Akapiga pasi suti.

Alhamisi Mkurugenzi alikuja, mama mmoja mrefu, mwenye miwani ya kamba na tabia ya kusoma kila kilichoandikwa, jambo ambalo katika ngazi yake lilihesabiwa kuwa kasoro. Alisoma sisimizi. Alisoma "umelala?" akacheka mwenyewe. Mratibu alijaribu kumpeleka kwenye uoto, lakini Mkurugenzi akasimama namba kumi na saba.

"Haya, mtafiti. Jirani huyu ni nani?"

"Hatajwi," Daftari alijibu. "Ni kwa heshima yake. Ana cheo."

"Safi sana." Mkurugenzi akapitisha kidole kwenye jedwali. "Siku kumi na tisa anakoroma, siku moja hakuna kitu. Kwa nini Ijumaa hii iko wazi? Ulisahau?"

"Sikusahau. Hakuwepo. Siku hiyo alikwenda makao makuu kupewa cheti cha mtumishi anayesafiri kuliko wote."

Mwalimu aliichukua chaki sikioni, akaitazama kama hajawahi kuiona. Mkurugenzi alivua miwani, maana cheti hicho alikuwa amekitoa yeye kwa mkono wake, akapiga picha na Mratibu, na picha ikaenda gazetini.

"Mratibu," alisema polepole, "Jumanne ya wiki iliyopita, ripoti yako inasema ulikuwa shule ya ng'ambo ya mto."

"Kimtazamo, ndiyo, Mkurugenzi."

"Bilauri ilimwagika," Daftari alisaidia.

Mkurugenzi alifikiri. Kumfukuza kungetaka kueleza ile picha ya gazetini, na yeye pia alikuwa na kiti kinachozunguka. "Ghorofa ya tatu tuiache kwanza," alisema hatimaye. "Ngazi zake ni ndefu. Wewe unasimamia uchaguzi huru wa mada. Basi Jumatatu saa mbili asubuhi niletee mada yako. Ujichagulie, ujaze fomu hiihii ya watoto, nakala tatu. Ukishindwa, kazi nampa anayeiweza."

"Mada kuhusu nini, Mkurugenzi?"

Darasa zima la sita liliangua kicheko, na mwalimu hakulikanya.

Jumapili mchana Mratibu alikuwa kibarazani, fomu gotini. Mkewe, ambaye habari za Alhamisi zilimfikia wodini kabla jua halijazama, alikuwa ameufungia mto kabatini na kwenda zamu na ufunguo. Kwenye mstari wa kwanza Mratibu alikuwa ameandika "Uimarishaji wa", akafuta. Akaandika "Mikakati ya", akafuta. Alikuwa ametunga vifungu thelathini na mbili juu ya uhuru wa kuchagua, na sasa kichwa kilikuwa cheupe kama sahani iliyooshwa.

Daftari akaja, akakaa kando yake, akachungulia.

"Bado?"

"Bado, mwanangu. Ninyi mnafanyaje?"

"Unatafuta kitu usichokijua, halafu ukijue. Hakuna kitu unataka kujua?"

Mratibu alianza kusema jambo kuhusu mifumo, akaliacha njiani. Halafu akasema, kwa aibu, kama mtu anayeungama: "Mama yako anatia nini kwenye ile sufuria ya mchana? Maana harufu yake ndiyo inayoniamsha kila siku."

"Hiyo nzuri. Andika."

Akashika kalamu. "Tathmini shirikishi ya viambato..."

"Hapana, futa. Andika ulivyouliza."

Akafuta, akaandika alivyouliza. Alipofika alama ya kuuliza, mlango wa fundi ulifunguka, mvuke ukatoka mbele, fundi mwenyewe akafuata na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia kila neno. Ukuta ule haukuwa wa upande mmoja.

"Sufuria haichunguzwi toka nje, jirani," alisema. "Acha hayo makaratasi hapo, nawa mikono, ingia tule."