Vita vya Machujio na Harusi ya Becky

Tulieni, enyi watu wa Thika, nanyi wa Ruiru zimeni redio zenu, mpate kusikia jinsi Dismas wa Makongeni, simba wa Probox nyeupe, alivyopambana na Wainaina wa Gitothua, bwana wa Fielder ya fedha, hata kuku wakatafuta pa kujificha.

Chanzo cha vita kilikuwa harusi. Becky, binti wa marehemu kaka yake Dismas, alikuwa anaolewa Jumamosi mjini Ruiru, na shujaa wetu alitaka jambo moja tu duniani: kumfikisha mtoto huyo kanisani yeye mwenyewe, maana babake hayupo. Wainaina, rafiki wa familia, naye aliitamani heshima hiyo. Selpha, mama yake Becky, akaamua kwamba bibi harusi atabebwa na gari ambalo halitakohoa njiani.

Basi mashujaa wakakimbilia silaha. Dismas aling'oa chujio la hewa lililokuja na gari, akaivika Probox chujio jekundu la pamba iliyoloweshwa mafuta, nene kama uyoga. Wainaina akajibu kwa chujio la sponji ya buluu. Magari yakanguruma mtaa mzima, na kila mmoja akaamini kwamba kelele ndiyo nguvu, imani iliyowakaa sana wanaume wa umri wao.

"Ewe Wainaina," akanena Dismas, mguu juu ya bampa, "chujio langu lavuta pumzi kama fahali. Lako ni la kuoshea sufuria."

"Nena utakavyo, mwana wa Makongeni," akajibu Wainaina. "Injini yako itameza mchanga hata iote mahindi."

Selpha alikuwa amechoka nao. "Wacheni hizo. Kila mtu afunge kitambaa nyeupe nyuma ya filter, mzunguke barabara ya murram ya Gitothua, tuone ni nani anakula vumbi. Na Akoth aende na ka-Vitz kake."

Akoth, mwalimu wa kwaya, akafunga kitambaa chake. Chujio lake lilikuwa la karatasi, la kawaida kabisa, alilowekewa na fundi bila yeye hata kuuliza.

Wakaondoka, vumbi likafunika nyanya za watu sokoni, wakarudi. Boneti zikafunguliwa. Kitambaa cha Dismas kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, cha Wainaina rangi ya kahawa. Dismas akainua mikono kuushangilia ushindi. Kisha kikatolewa cha Akoth, cheupe kama kilivyoingia.

"Becky ataenda na ya Akoth," Selpha akasema.

Dismas aliumia, wala hakuficha. Alimkumbuka kaka yake, akaketi juu ya jiwe.

"Lakini Akoth atakuwa mbele na kwaya," Becky akasema. "Baba mdogo, si wewe uendeshe?"

Simba wa Probox, ndani ya Vitz, mbele ya macho ya Wainaina! Shujaa aliyatazama magurudumu yale madogo, akamtazama mtoto. Akanyoosha mkono kuomba funguo.

Na ikumbukwe vizazi na vizazi kwamba Jumamosi ile Dismas aliingia Ruiru magoti yakigusa usukani, gari likiwa kimya hata Becky akamsikia akilia. Alimfungulia mlango, akamkabidhi kanisani, halafu akampitia Wainaina pale langoni, akamwinamia sikioni.

"Lakini kitambaa chako kilikuwa kichafu zaidi."