Bandama la Wechuli

Wechuli alikuwa kinyozi pale Kondele, mjini Kisumu, na ilivyostahili angebaki kinyozi. Lakini siku moja mwanafunzi wa udaktari alisinzia kitini wakati Wechuli akimkanda shingo kwa taulo la moto, kama wafanyavyo vinyozi wa mjini mtu akishanyolewa. Kijana alipoamka alifuta mate, akatoa mia tano badala ya mia, akasema, "Buda, tungekuwa na mtu kama wewe kule hosteli, watu wangeacha kulia wakati wa mtihani."

Wechuli akaitazama ile noti, akaona mbali. Watu wanaolia, tena wana pesa za wazazi! Mungu akupe nini tena?

Wiki iliyofuata alikuwa amekodi chumba nyuma ya duka la dawa, hatua chache kutoka hosteli hizo. Akavaa koti jeupe refu, akabandika mchoro wa misuli ukutani, akaweka kitanda chembamba alichochongewa na fundi wa majeneza. Mlangoni akaandika: DKT. WECHULI, TIBA YA MIKONO, STRESI INAISHIA HAPA. Hiyo "DKT." haikumgharimu kitu ila rangi.

Usidhani wanafunzi wa udaktari ni wajinga. Ni werevu kupindukia, na hapo ndipo wanapoponzwa, kwa sababu kila ugonjwa wanaousoma wanauugua. Akisoma moyo Jumatatu, Jumanne kifua kinamdunda. Wechuli aligundua hilo siku ya pili, akaacha maneno mengi. Alikuwa anaweka kidole gumba chini ya sikio la mteja, anatulia kidogo, kisha anaguna: "Mmh."

"Nini, Daktari?" akauliza Joram wa mwaka wa pili, akiwa kifudifudi.

"Mmesoma nini wiki hii?"

"Figo."

"Ndiyo maana."

Joram alilipia vipindi sita, elfu moja kila kimoja, akatoka amejishika kiuno. Miezi mitatu mambo yakaenda hivyo, na foleni ikafika mpaka kwa muuza mahindi.

Ndipo Jumatatu moja akaja Adero wa mwaka wa nne, nyar Ahero, yaani binti wa Ahero. Mama yake huuza mchele huko, na majirani walikuwa wameshaanza kumwita Mama Daktari. Masikini, hawakujua kwamba Adero alikuwa amefeli mtihani wa kumpima mgonjwa. Alibonyeza tumbo, mgonjwa akapiga yowe, mtahini akaandika. Ijumaa alikuwa anarudia, na akifeli tena, basi, ni kurudi Ahero kupepeta mchele. Hata mtu wa kufanyia mazoezi hakuwa naye. Wagonjwa wa wodini walikuwa wamechoka. Wakiona wanafunzi wanakuja, wodi nzima inajifanya imelala.

Haya yote alimweleza Wechuli huku akikandwa. Shingo ikalegea, machozi yakamtoka, kwani tuseme kweli, jamaa alijua kukanda. Kisha Wechuli akaguna, "Mmh."

Adero akageuza kichwa, akamtazama machoni.

"Mmh," naye akaguna.

"Nini?" Wechuli akauliza.

"Si kitu. Hebu Daktari, huwa unalalia upande gani?"

"Wa kulia."

"Kushoto kunakataa?"

Wechuli akafikiri. Kweli hakukumbuka lini alilalia kushoto.

"Na malaria umewahi kuugua?"

Kumuuliza mtu wa Kisumu kama amewahi kuugua malaria ni kumuuliza kama amewahi kula ugali.

"Basi ni bandama," Adero akasema kwa huruma, akiinuka na kumgusa chini ya mbavu za kushoto. "Linavimba polepole, mwenyewe hujui, mpaka siku linapasuka. Lakini wewe ni daktari, haya unayajua."

"Nayajua sana," Wechuli akasema, jasho likimtiririka. "Sasa mtu kama huyo... hufanya nini?"

"Aende hospitali. Shida ni kwamba daktari mwenzao wanamuuliza maswali mengi. Alisomea wapi, mwaka gani."

Wechuli akaketi kitandani.

"Ama lifuatiliwe kwa mikono," Adero akaendelea. "Asubuhi na jioni, mpaka Ijumaa. Nitakuja na wenzangu. Hatutaki pesa, ila tutakuwa na njaa."

Kliniki ikafungwa. Wechuli akalala kwenye kitanda chake mwenyewe, fulana imepandishwa hadi kwapani, wanafunzi wanane wamemzunguka, na samaki kutoka ufuo wa Dunga wakinunuliwa kila siku kwa pesa yake. Joram naye alikuja, figo ameshazisahau.

Adero alipombonyeza mara ya kwanza, Wechuli aliruka.

"We dada, unachimba viazi? Mikono yenyewe baridi. Ipashe kwanza. Weka kiganja chote, usibonyeze. Muulize mtu habari za watoto wake. Akianza kujibu, tumbo limekukubali, sasa shuka taratibu."

Alikuwa ameshika vichwa vya watu miaka kumi na mmoja, na hili alilijua kwelikweli. Kwa hofu ya kupasuka akawafundisha bila kuficha chochote, asubuhi na jioni. Alhamisi aliandika wosia, mashine mbili za kunyolea akamwachia ndugu yake Waswa.

Ijumaa alasiri Adero akaingia, akaketi sakafuni, akalia kwa furaha.

"Nimepita," akasema. "Mgonjwa hata hakukunja uso. Mtahini akaniuliza ni nani alinifundisha kumshika mtu hivyo."

"Hongera. Na bandama langu?"

"Halishikiki."

"Limeenda wapi?"

"Liko chini ya mbavu. Bandama lenye afya huwa halishikiki. Lako halikushikika Jumatatu, na jana halikushikika."

Wechuli akateremsha fulana. Hasira ikampanda, ikakosa pa kutokea.

"Mimi nimeandika wosia, Adero."

"Niliuona. Una mwandiko mzuri."

"Nitakushtaki."

"Kwa nani, Daktari?"

Wechuli akaitazama mikono yake.

"Miezi mitatu nimeuza uongo, elfu moja moja," akasema mwishowe. "Kitu cha kweli nilichokuwa nacho, nimekitoa bure."

"Na samaki," Adero akasema.

"Na samaki," Wechuli akakubali.