Kiti Kinacholala

Leo mimi nimekwisha. Nawaandikia nyinyi wenzangu wawili mliohamishiwa Mombasa, kwa barua moja, kabla hamjasikia kwa mtu mwingine atakayetia chumvi. Chumvi haihitajiki. Iliyopo inatosha mchuzi wa Buruburu nzima.

Mnajua nimenunua gari. Jipya, la dukani, halijawahi kukaliwa na mtu. Mnajua pia (kwa sababu sikunyamaza) kwamba sikuchukua la kawaida. Nilichukua toleo maalumu, ambalo hapa mtaani tunaliita speshel. Injini ni ile ile. Bodi ni ile ile. Tofauti ni mistari miwili ya dhahabu ubavuni, redio ya kaseti, saa kwenye dashibodi, viti vya kitambaa laini badala ya plastiki, na kiti cha dereva kinacholala. Unavuta kishikio cha pembeni, unaegemea, na kiti kinashuka mpaka kinakuwa kitanda. Kwa vitu hivyo niliongeza pesa ambazo Rispa, mke wangu, hapendi zitajwe mbele ya wageni.

Jirani yangu Baba Njeri, yule mwenye duka la misumari na saruji kule Mbotela, alinunua gari hilo hilo wiki ile ile. Yeye alichukua la kawaida. Tangu siku hiyo hatujapumzika. Kila jioni tunasimama katikati ya magari mawili tunabishana. Yeye husema mistari haiongezi mwendo. Mimi humwambia mtu hanunui mwendo peke yake. Akizidi kunichokoza, namwonyesha kiti. Naingia, navuta, nalala chali, mikono kifuani, kama marehemu aliyeridhika. Watoto wa mtaa wanapiga makofi. Nimefanya hivyo jioni nyingi mpaka mkono umezoea, siku hizi unavuta wenyewe bila kuniuliza.

Huo mkono msiusahau.

Sasa tuje kwa mama mkwe. Kati yenu wawili, Otieno anayajua mambo haya, lakini Mutua si mtu wa magharibi ya Kenya kama sisi, kwa hiyo nieleze. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawashikani mkono, hawakai karibu, hawatazamani usoni. Hiyo ndiyo heshima. Mama akija Nairobi hawezi kulala kwangu, analala Jericho kwa mwanawe Silas, shemeji yangu. Akiingia sebuleni, mimi natokea mlango wa jikoni. Nimemwoa binti yake miaka sita, na kama polisi wangeniomba nieleze sura ya mama huyu, ningeweza kueleza viatu tu.

Safari hii alikuja kumwona mtoto wetu wa pili. Rispa anarudi kazini Jumatatu na yaya hatujapata. Amekuwa akimbembeleza mamake abaki: mchana ashinde kwetu na mtoto, jioni arudi Jericho. Mama hakukubali. Alisema nyumba ya mkwe si mahali pa kushinda kutwa, watu watakwepana mlangoni mpaka lini. Akataka kurudi nyumbani leo. Silas alikuwa zamu, kwa hiyo wa kumpeleka stendi ya mabasi nilikuwa mimi.

Asubuhi Rispa alinifunga tai mwenyewe. Alikuwa mpole, na upole wake wa asubuhi mimi huuogopa.

"Hii ndiyo mara ya kwanza anapanda gari lako," akasema. "Ukimheshimu njia nzima, pengine atabadilisha nia kabla hatujafika stendi. Ukimwaibisha, mimi naacha kazi nikae na mtoto, na mkopo wa hilo gari utaulipa na mshahara wako peke yako."

Nikaelewa. Kioo cha ndani nilikigeuza kikatazama paa, nisije nikamwona mama kwa bahati mbaya. (Dereva gani anaingia barabarani na kioo kinachotazama paa? Mkwe mwema.)

Tulipofika Jericho mama alilizunguka gari polepole. Akaiona ile mistari ya dhahabu. Akamuuliza Rispa kwa sauti ya chini kama ikioshwa inatoka. Nikajifanya nakagua gurudumu.

Kisha likaja suala la wapi atakaa. Mbele haiwezekani kabisa. Nyuma kushoto nako, nikigeuza shingo kidogo tu, tutaonana. Tulilijadili jambo hilo kupitia kwa Rispa, mimi nikiwa upande mmoja wa gari na mama upande wa pili, mpaka wanawake wa sokoni wakaanza kutusogelea kusikiliza. Mwishowe tukakubaliana akae nyuma yangu kabisa, ili mgongo wa kiti changu uwe ukuta kati yetu. Hapakuwa na mahali penye heshima zaidi ya hapo. Mama akaketi, akajifunika leso kichwani, akapakata mikate ya kupelekea wajukuu wa nyumbani. Rispa akakaa mbele na mtoto.

Niliendesha vizuri, jamani. Mashimo niliyakwepa yote. Honi sikupiga, redio sikuwasha, na jamaa aliyenichomekea pale Jogoo Road sikumtukana. Nikasikia mama akimwambia Rispa kwamba viti hivi ni laini, havichomi kama vya plastiki.

"Mama anasema viti ni laini," Rispa akaniambia.

"Mwambie mama asante."

"Anasema asante."

Moyo wangu ukafurahi sana. Nikamwona Rispa akitabasamu dirishani. Nilijua Jumatatu imepatikana.

Hapo ndipo nilipoamua kuongeza petroli. Petroli ilikuwepo ya kutosha. Lakini mtu akishasifiwa viti anataka kusimama mahali watu wamwone, na mimi ni mtu wa namna hiyo, mnanijua. Nikaingia kituo cha mafuta. Na upande wa pili wa pampu ile ile nani yuko? Baba Njeri, na gari lake lisilo na mistari.

Akaja moja kwa moja dirishani kwangu. Mama alikuwa amejikunyata nyuma yangu na leso yake, kwa hiyo Baba Njeri hakumwona. Akamsalimia Rispa vizuri, akamsifu mtoto, halafu akaniinamia na uso wa mtu aliyeleta habari. Fundi mmoja, akasema, amemwambia vile viti vya speshel ni vya kuuzia tu. Springi zake ni za karatasi. Baada ya wiki chache vinakataa kushuka, na spea hakuna nchi nzima.

"Changu kinashuka," nikasema.

"Bado?"

"Bado."

"Sidhani," akasema Baba Njeri.

Ningevumilia neno lolote, lakini hilo la "sidhani" lilinichoma. Mkono ukavuta.

Nilikumbuka nikiwa hewani. Mnajua ukikosea ngazi, kile kitambo kifupi kabla ya kuanguka ambapo unaelewa kila kitu? Nilikielewa kila kitu. Kiti kilishuka vizuri kabisa, springi si za karatasi hata kidogo. Kikatua juu ya magoti ya mama. Kichwa changu kikapitiliza, kikalala mapajani pake, juu ya mikate.

Nikafumbua macho. Juu yangu palikuwa na uso wa mama mkwe.

Kwa mara ya kwanza niliuona. Ni mama mzuri, ana mwanya, na Rispa kamfanana mno. Tulitazamana. Hakuna aliyekuwa na pa kukimbilia. Nikavuta kishikio ili niinuke, kikakataa. (Fundi alisema kweli kidogo. Hakikatai kushuka, kinakataa kupanda.) Nikajaribu kuinuka bila kiti, tumbo likakwama chini ya usukani. Kila nikijisukuma, mikate inalia chini ya kisogo.

Ndipo mama akasema nami. Miaka sita hajawahi kuniambia neno moja.

"Umeumia?"

Na mimi, kwa mazoea ya heshima, nikiwa nimelala mapajani pake na pua yangu karibu na kidevu chake, nikajibu:

"Rispa, mwambie mama sijaumia."

Kituo kizima kiligeuka kututazama. Mhudumu wa pampu, mtu mzima wa makamo, akachungulia dirishani akaniuliza kwa adabu, "Mzee, nijaze ama niwachie hapo?"

Baba Njeri ndiye aliyenitoa. Alifungua mlango akanivuta kwa miguu, nikatoka kwa awamu, makombo ya mkate masikioni, tai begani. Nikaenda kusimama nyuma ya pampu, mgongo wangu ukiwaelekea. Mama naye akashuka, akakaa ukingoni mwa kituo, akajifunika leso uso mzima. Mabega yalikuwa yakitetemeka. Nikajua analia. Nikawaza jinsi nitakavyolipa mkopo peke yangu, na jinsi nitakavyokuwa namwona Rispa amekaa nyumbani kila siku akinikumbusha kwa nini. Jamani, nilisikitika kwa dhati. Kazi yake anaipenda kuliko mimi ninavyoipenda yangu.

Baba Njeri alivua kofia. Sasa hakuwa na utani tena. Huko kwao pia mama mkwe si mtu wa mchezo, na alijua kosa lake liko wapi. Akaenda akachuchumaa mbali kidogo na mama, akaanza kuomba msamaha kwa niaba ya wanaume wote waliokuwa hapo kituoni, pamoja na yule wa pampu. Nikasikia wakiongea polepole. Rispa akaja kwangu na hukumu: kwetu jambo kama hili haliachwi likalala hivyo. Linaoshwa. Blanketi moja na jogoo, leo leo, kabla jua halijazama.

Tukarudi sokoni Jericho. Baba Njeri alinunua jogoo (alisisitiza, sikumzuia). Mimi nikanunua blanketi, zito, lenye maua. Mbele ya nyumba ya Silas niliviweka chini nikarudi nyuma. Mama akavipokea. Akalikunjua blanketi, akalikagua mshono kwa mshono, akalikunja. Kisha akanyoosha mkono. Nikamtazama Rispa. Rispa akanisukuma. Nikaushika mkono wa mama mkwe wangu, na nilivyouona uso wake karibu tena, nikagundua kwamba pale kituoni hakuwa akilia hata kidogo.

"Hicho kiti," akamuuliza Rispa, "ndicho mlichoongezea pesa?"

Rispa akasita. "Ndicho, mama."

"Hawakuwaibia," mama akasema. "Bila hicho tungekwepana na huyu mtu mpaka nife."

Baba Njeri akatazama viatu vyake.

Rispa akauliza, kwa sauti ndogo, kama sasa tuharakishe, basi la mwisho bado halijaondoka. Mama alikuwa tayari amemchukua mtoto kwake, amemkalisha mapajani pale pale kichwa changu kilipokuwa mchana.

"Basi la nini?" akasema. "Shusheni mizigo. Mkubwa nimeshampakata leo, na tai yake. Huyu mdogo atanishinda vipi?"

Kwa hiyo Jumatatu Rispa anakwenda kazini. Mama atalala Jericho na kushinda kwetu, na jioni hii ameshanituma maji mara mbili, kwa jina langu, akinitazama usoni. Nyinyi mkitaka kucheka, chekeni huko huko Mombasa. Hapa zamu ya kucheka ni ya Rispa, na hajamaliza.