Nuksi ya Timu ya Taifa

Jumamosi, 7 Septemba

Mwaka wa thelathini na mbili tangu nitoke kwetu. Leo timu yetu ya taifa imecheza mechi ya kwanza ya Kombe. Hatukuwahi kufuzu kabla ya mwaka huu, tangu nchi iwe na bendera. Wenye midomo wanasema tumefuzu kwa sababu timu nyingine ilifungiwa. Si kitu. Tumo!

Nilivaa tai, nikashuka ngazi hadi kwa Kinyozi, chini ya jengo letu. Watu wote wa kwetu wanaoishi mtaa huu hukusanyika pale. Televisheni ni yake, basi anajiona yeye ndiye shirikisho la soka. Nilitaka jambo moja tu: kuwaona vijana wetu kwa macho yangu. Miaka yote hii nchi yangu nimeisikia kwenye simu na kuisoma magazetini. Kuiona, bado.

Nilikaa. Tukafungwa papo hapo. Kinyozi akaniomba nikalete viti duka la viatu. Nikiwa njiani na kiti kichwani, kelele. Tumesawazisha! Nikarudi mbio, nikakuta wapinzani wanagonga mwamba wetu. Nikatumwa sukari. Kelele tena. Mbili kwa moja! Tumeshinda!

Mwisho wa mechi Kinyozi alisimama, mkasi mkononi, akauliza kama kuna mtu mwingine aliyegundua jambo. Wote wakanigeukia. Akasema Mzee Gundi (ndivyo wanavyoniita, nilijalidi vitabu maisha yangu yote na harufu haikutoka) ni mtu mzima, heshima yake iko palepale, ila ni nuksi. Kwa faida ya taifa, nisikanyage pale mpaka Kombe liishe.

Upuuzi! Watu wazima na vitambi vyao! Lakini tumeshinda. Nashukuru.

Jumatano, 11 Septemba

Mpango. Koti la shemeji, kofia, miwani ya jua, barakoa ya hospitali. Niliingia nikikohoa, nikakaa nyuma kabisa karibu na ndoo ya nywele. Hakuna aliyenitambua. Kinyozi hata alinipa pole ya kifua. Mjinga.

Ukapigwa wimbo wa taifa. Tukasimama wote. Nilifumba macho, maana machozi yalikuwa karibu, nikaimba. Nikamaliza ubeti wa kwanza, nikaingia wa pili, ule wa mito na milima. Nikashangaa mbona sauti yangu inasikika sana. Nikafumbua macho. Watu wote wamekaa. Wachezaji wameshatawanyika uwanjani. Mimi peke yangu nimesimama, mkono kifuani, barakoa imeshuka kidevuni.

Kumbe ubeti wa pili ulifutwa. Zamani sana. Hakuna aliyeniandikia.

Kinyozi aliniambia kwa upole, mzee wangu, tafadhali, nje. Mwanamke mmoja nyuma yake akasema huyo mwacheni amalize basi, mamangu alikuwa akiuimba huo akifua. Kinyozi akasema ataumalizia ngazini. Nimeumalizia ngazini.

Tumeshinda moja bila. Sikuona hata nyasi. Nashukuru hata hivyo.

Jumapili, 15 Septemba

Robo fainali! Mpango mpya, hauna dosari. Nimeazima televisheni mbovu kwa fundi, nimeitengenezea antena kwa waya wa kushonea vitabu, nimeifungia chumbani. Mke wangu yeye huenda kwa Kinyozi, anakaa mstari wa mbele. Nilisubiri hatua zake ziishe kwenye ngazi. Nikawasha. Chenga tupu kwenye kioo. Nikapinda waya. Nikaanza kuona kivuli kama cha kipa.

Mlango ukafunguliwa. Mke wangu, mikono kiunoni. Alikuwa ameona nimemuaga kwa furaha kupita kiasi. Akachomoa waya ukutani. Kisha akasema. Kwamba hakunivumilia ujana wake wote, nchi ya watu, baridi ya watu, ili nije nimtolee timu robo fainali. Nikamwambia na yeye msomi mzima anaamini mambo haya? Akasema haamini hata kidogo, lakini nichukue kikapu niende sokoni.

Msaliti! Ndani ya nyumba yangu!

Nilisimama mbele ya vitunguu mpaka muuzaji akachoka kunitazama. Ghafla, kutoka upande wa jengo letu, ukelele. Kisha kimya. Kisha ukelele. Penalti! Nikawa nahesabu kwa vifijo. Cha mwisho kilitikisa mabati ya soko. Muuzaji, ambaye si wa kwetu na hafuati mpira, akauliza babu unalilia nini. Nikasema vitunguu. Akasema havijakatwa.

Nusu fainali. Sisi! Mke wangu alirudi hana sauti, akanikumbatia mlangoni, kikapu na mimi pamoja. Ni mwanamke mwema. Nashukuru kwa ajili yake zaidi ya ninavyomwambia.

Alhamisi, 19 Septemba

Leo walinijia wenyewe, ujumbe kamili. Kinyozi alibeba kwa mikono yake kile kiti cha ngozi kinachozunguka, ambacho hata mkewe hakikalii, akakiweka uchochoroni nyuma ya duka, kinatazama ukuta. Mto mgongoni. Mwavuli wa jua. Chai na mkate. Kila aliyeingia ndani alipitia kwangu kwanza, akanipa mkono, akaniomba nisiinuke hata nikisikia nini. Sijawahi kuheshimiwa hivi kwa kutokuwepo.

Lakini ndani ya koti nilikuwa na bomba.

Nimelitengeneza kwa siri tangu Jumatatu. Ubao wa majalada, kitambaa cheusi, vioo viwili vya poda ya mke wangu, kimoja juu kimoja chini. Kona zimekaa sawasawa; mikono bado inajua kazi. Juu ya ukuta kuna kidirisha cha hewa cha Kinyozi. Bomba linafika; vioo vinaniletea chini yaliyo ndani.

Tulifunga mapema. Duka zima likaimba. Nikajizuia. Nikanywa chai. Nikala mkate. Kipindi cha pili nikajizuia tena. Kisha nikafikiri: na umri huu, nusu fainali nyingine nitaipata wapi? Nikapandisha bomba.

Niliwaona.

Kwanza nyasi. Kisha jezi, rangi ileile. Kijana mmoja, namba saba, alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Alipoinuka alifuta jasho la uso kwa bega, upande mmoja tu, kama alivyokuwa akifanya marehemu kaka yangu tukicheza nyuma ya shule. Sikujua kwamba jambo hilo bado lipo. Nilidhani lilizikwa naye.

Wapinzani wakasawazisha. Nilikuwa bado namtazama yule kijana. Nikasema dakika moja tu. Wakafunga la pili.

Nikalirudisha bomba kotini. Halikusaidia kitu. Filimbi ya mwisho.

Walitoka wakilia. Nilijiandaa kwa matusi. Kinyozi akaniangukia begani, akasema mzee wangu, wewe umetimiza wajibu wako mpaka mwisho, hakuna atakayekulaumu. Anajishuku mwenyewe: leo alibadilisha shati. Kama shukrani, atanyoa kichwa changu bure maisha yangu yote.

Nina upara.

Nilimshukuru. La bomba sikulitaja.

Jumatatu, 23 Septemba

Dada yangu mdogo amepiga simu kutoka nyumbani. Timu ilipokelewa jana. Leo bado wanaizungusha mitaani. Alitoa simu dirishani nisikie: honi, vigelegele, mtu anapuliza filimbi kama kichaa. Akasema kaka, njoo basi. Waliokuwa wakikutafuta wamezeeka, wengine wamekufa, hakuna anayekumbuka ulijalidi kitabu gani cha marufuku, cha nani. Akasema chumba chako nimekipaka rangi, dirisha linatazama barabara. Nikasema nitafikiri.

Nimefikiri mchana kutwa. Mke wangu aliniwekea chai, akakaa pembeni, akasema lolote nitakaloamua tutafunga mizigo au hatutafunga.

Ukweli ni huu. Nilipokuwa kule sikukosa mechi hata moja uwanjani, na hatukuwahi kufuzu. Majirani zetu walitupiga saba mimi nikiwa jukwaani. Nikaondoka. Tangu hapo shule ya mtaani kwetu imeongezwa madarasa, dada yangu amepata maji ndani ya nyumba, na timu imefika nusu fainali. Nimechungulia mara moja tu, tena kwa vioo vya poda, tumetolewa. Sasa niende mzima mzima, na sanduku?

Nchi inaendelea vizuri. Nashukuru, nashukuru sana. Namba saba bado mdogo. Kombe lijalo atakuwa amekomaa. Kinyozi ameuliza kama kile kiti anihifadhie. Nimemwambia anihifadhie. Nimeanza pia kukata ubao wa bomba jipya, refu zaidi. La kuchungulia kidogo tu, wakati wa wimbo.

Nimempigia dada. Sitarudi.