Perege wa Asilimia Thelathini

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu, Mama Pacha, ameondoka asubuhi kwenda kumwangalia dada yake aliyejifungua. Atarudi Jumamosi. Pacha wako bweni, kwa hiyo nimebaki mimi, bwawa, perege mia nne na karatasi aliyoibandika ukutani: makopo mawili ya chakula jua likishapanda, mawili jioni, wakipunguza kasi ya kula niache. Kama vile sijawahi kuona samaki.

Getini aligeuka. Akasema ule uyoga wake aliopanda nikausahau bila maji ukakauka, alinisamehe, lakini hawa perege wakifa, atabaki huko huko kwa dada yake. Hakuwa anatania. Amewalea miezi minne.

Nimesoma mfuko wa chakula chao. Protini asilimia thelathini. Thelathini! Mimi nilipata thelathini kwenye hesabu nikarudishwa darasa. Ndiyo maana samaki wetu hawana maendeleo.

Jumanne, 4 Machi
Jirani yetu, Muuguzi Mstaafu, amepima perege wake. Anawatia kwenye ndoo, anaining'iniza kwenye mzani, anaandika daftarini kama yuko kliniki ya watoto. Bila kuulizwa akanitangazia juu ya ua kwamba wamefika gramu mia mbili themanini. Wetu ni mia mbili ishirini, na hapo nimewapima wakiwa wamelowa.

Ijumaa Bwana Samaki, yule ofisa wa ufugaji samaki, anakuja kuchagua bwawa la kufundishia wafugaji. Litasimikwa kibao. Mama Pacha anakitaka kibao hicho hata usingizini. Akikikuta kimesimama, habari ya uyoga imekwisha.

Nimeamua kupandisha alama. Nimetwanga dagaa kilo mbili, nikachanganya na maharage, mashudu na mayai sita, nikakanda mabonge. Nikamwaga ndoo nzima. Nusu ilizama. Sawa tu, walio chini nao wale.

Jumatano, 5 Machi
Leo ndoo mbili. Maji yamegeuka kijani. Rutuba hiyo.

Muuguzi ameuliza harufu inatoka wapi. Nikamjibu ni harufu ya maendeleo. Hakucheka. Akasema chakula kisicholiwa huoza, na kikioza kinamaliza hewa ya samaki majini. Wivu unamsumbua mama wa watu.

Alhamisi, 6 Machi
Alfajiri nimefika bwawani. Perege wote wako juu ya maji, midomo wazi, wanafungua na kufunga, wananitazama mimi. Njaa! Viumbe wa watu nimewatesa. Nikawamwagia ndoo nyingine hapo hapo.

Hawakugusa. Saa mbili mmoja akalala ubavu. Kisha wa pili. Wa tatu nilimshika mkononi, akafa nikimwangalia. Nimeogopa kweli.

Mama Pacha amepiga simu, akauliza wanakulaje. Nikamwambia tangu wazaliwe hawajawahi kupewa chakula kingi namna hii. Sijamdanganya hata neno moja.

Ijumaa, 7 Machi
Wengine thelathini na mmoja wamekufa. Nilikaa ukingoni na ndoo ya mabonge mapajani nikawaza nyumba hii bila Mama Pacha. Nililia. Naandika hapa kwa sababu hasomi daftari hili.

Muuguzi aliingia na pampu yake bila kubisha hodi. Akaninyang'anya ndoo. Akaniambia hawana njaa, baba, hawana hewa, na chakula ni marufuku siku mbili. Tulivuta maji machafu ya chini, tukaingiza maji safi, akaniamuru niinue mpira juu, maji yaanguke kwa kishindo ili yachukue hewa. Nimeushika mpira kwa muda wa saa tano, mikono imekufa ganzi. Adhuhuri perege walianza kuzama mmoja mmoja, wakaogelea.

Bwana Samaki alifika, akanusa, akaenda kusimika kibao upande wa pili wa ua.

Jumamosi, 8 Machi
Mama Pacha amerudi. Alihesabu waliokufa: thelathini na nne. Hakufoka. Alikaa ukingoni na begi lake mkononi, na mimi nikasimama nyuma yake kama mtuhumiwa. Kisha akachukua kopo la kupimia akampa Muuguzi juu ya ua. Akaniambia anabaki, kwa heshima ya wale waliopona. Ila mimi na samaki basi. Kuanzia leo nitaangalia kuku wake wanane.

Nilimshukuru mpaka akanikataza. Siku za tabu zimepita, na kosa langu nalijua vizuri: mayai sita yalikuwa machache.

Saa saba, jua kali, nimekwenda kuwaona kuku. Wote wanane wamesimama midomo wazi, wanahema, wananitazama mimi. Maskini. Nimesoma mfuko wao: protini asilimia kumi na sita.

Dagaa wamebaki kilo moja. Nimeshaloweka maharage.